Mguu wa Klachi

Jumapili kiwanja ni chetu, anasema baba.
Kiwanda cha mbao kilifungwa nikiwa darasa la pili,
lami imepasuka, magugu yanachungulia,
na hakuna cha kugonga ila ukuta mmoja
na mbwa wa Bi Hajrija, ambaye ana akili kunishinda.

Gari ni Golf kuukuu, rangi ya maziwa yaliyolala.
Mjomba Fikret huliwasha kila mwezi
betri isife, halafu hulizima,
hulifunika turubai kama maiti wa heshima.
Leo baba amelifunua mwenyewe.
Amekaa upande wa abiria, fimbo katikati ya magoti,
yaani goti moja, na lile la plastiki.

"Viko vitatu. Anzia kulia:
mafuta, breki, klachi.
Mguu wa kulia una kazi mbili, kama mama yako.
Wa kushoto una kazi moja tu,
na ndiyo ngumu."

Haongezi neno.
Wake wa kushoto ulibaki mlimani Grmeč,
kwenye shamba la viazi la mtu asiyemjua,
mwaka ule ule niliozaliwa.
Waliotega walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Nakanyaga klachi mpaka sakafuni. Natia gia ya kwanza.
Naachia kama aliyeshika sufuria ya moto.
Gari linaruka chura, linakohoa, linazimika.
Fimbo inagonga dashibodi.
"Washa."

Kwikwi. Kimya.
"Washa."

Mara ya tisa Bi Hajrija amefungua dirisha,
ameweka mto chini ya viwiko, kikombe cha kahawa pembeni.
Tumekuwa sinema yake.

"Usitazame chini. Miguu haijui kusoma.
Sikiliza. Kuna mahali injini inashusha sauti,
kama mtu aliyekuwa akipiga soga
ghafla akasikia jina lake linatajwa.
Hapo. Ganda hapo. Usiende, usirudi.
Hapo gari linakuuliza kama una hakika."

Nasikiliza. Nasikia tumbo langu.
Nasikia kunguru juu ya bomba la moshi lisilo na moshi.
Nasikia na kitu kingine,
kitu kinakwaruza zulia.

Nimekatazwa kutazama chini. Natazama.

Mguu wa baba, ule usio wake, unatembea.
Paja linasukuma, bawaba ya goti inakunjuka,
kiatu alichofungwa kamba na mama asubuhi
kinakanyaga zulia tupu,
kisha kinaachia, kidogo, kidogo tena,
kama mtu anayechomoa mkono
chini ya shingo ya mtoto aliyelala.
Upande ule hakuna kanyagio.
Hakuna kitu upande ule.
Macho yake yako mbele, kwenye ukuta,
na midomo inahesabu.

Basi nakifuata kiatu.
Kikishuka nashuka, kikipanda napanda.
Injini inashusha sauti.
Imeitwa jina.
Naganda.
Fundo la usukani linatetemeka kiganjani mwangu,
kisha kokoto zinalia chini ya tairi,
na ukuta, taratibu,
unaanza kuja kwetu.

Tunakwenda! Tunakwenda mwendo wa bata,
mbwa anatusindikiza kwa miguu, anatupita,
na mimi nacheka hata nasahau
kwamba kuna kanyagio la katikati.

"Breki! Breki, Selvedina, na klachi pamoja!"

Nakumbuka moja.
Gari linazimika shubiri mbili kutoka ukutani.
Bi Hajrija anapiga makofi, kahawa inamwagikia mto.

Baba amefumba macho. Mkono wake uko chini,
unasugua plastiki, juu ya kifundo, kwa nguvu.

"Unaumwa?"
"Mguu."
"Upi?"
Anafikiri, kama nimemuuliza njia.
"Wa klachi," anasema.
"Washa."